Chai ya Kijani: Kikombe Si Sawa na Kidonge

Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya hapa Vigwaza, mama mmoja alinivuta pembeni. Sikuhitaji maelezo mengi, kwani macho yake yalikuwa ya manjano. Mwili ulimwasha, chakula kilimchukiza, na mkojo ulikuwa kama chai ya rangi.

"Kuna dawa yoyote unayotumia?" nilimwuliza.

"Hakuna."

Niliuliza tena, na tena. Mwishowe akafungua pochi, akatoa kichupa cha vidonge vya kupunguza tumbo alichonunua kwa mchuuzi barabarani. Hata mumewe hakujua. "Lakini Mama nesi," akasema, "hii si dawa. Ni chai ya kijani tu."

Akina mama wenzangu, maneno hayo "chai tu" ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Chai ni ile ile

Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka kwenye mche wa aina moja, ule unaolimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara. Tofauti ni matengenezo. Majani ya chai nyeusi hukatwakatwa na kuachwa hewani yageuke rangi kabla ya kukaushwa. Ya kijani hupashwa moto mapema yasigeuke, ndiyo maana hubaki na kemikali nyingi zaidi ziitwazo katekini. Iliyo nyingi kuliko zote hujulikana kwa herufi EGCG.

Je, huyeyusha mafuta?

Ini ni jiko na ghala la mwili. Hupokea chakula kutoka tumboni, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, na huondoa sumu. Tukila sukari na wanga kupita kiasi, ini hugeuza ziada kuwa mafuta, na mengine hubaki humo humo. Hata asiyegusa pombe aweza kupata ini lenye mafuta.

Katekini, zikisaidiana na kafeini, huongeza kidogo uchomaji wa mafuta mwilini, na hupunguza kidogo mafuta yanayofyonzwa na utumbo. Neno la kushika hapo ni "kidogo". Mwaka 2012 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi walikuta kwamba uzito uliopungua kwa wanywaji wa chai hii ulikuwa mdogo mno kuleta tofauti katika afya.

Hatari iko wapi?

Anayekunywa vikombe vichache hupata katekini polepole. Kidonge kina dondoo iliyokolezwa, na ukikimeza tumbo likiwa tupu, EGCG huingia kwenye damu kwa wingi na kwa mkupuo. Hapo kitu kinacholinda chembe hai chaweza kuziumiza.

Mwaka 2003 dawa ya kupunguza unene iitwayo Exolise, iliyotengenezwa kwa dondoo ya chai ya kijani, iliondolewa sokoni Ufaransa na Hispania baada ya watumiaji kuumwa ini. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba wanywaji wa chai hii hupata kwa kawaida miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku, na chai yenyewe kwa jumla ni salama. Lakini vidonge vinavyotoa miligramu 800 au zaidi kwa siku viliambatana na dalili za ini kuumia. Na vidonge vya mchuuzi, nani ajuaye kilichomo?

Tufanye nini nyumbani?

1. Ukipenda chai ya kijani, kunywa kikombe, si kidonge.

2. Tazama sukari. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36 hivi. Kwa wiki nne umekunywa karibu kilo nzima peke yako! Kupunguza sukari hiyo kutalisaidia ini kuliko kubadili rangi ya majani.

3. Usinywe chai pamoja na chakula, hasa ukiwa mjamzito. Chai huzuia madini ya chuma ya maharage na mchicha yasifyonzwe. Subiri saa moja.

4. Tembea, lima, punguza vitumbua na chipsi. Mwenye kilo 80 akipunguza nne tu, mafuta ya ini huanza kupungua.

5. Ukiona macho ya manjano au mkojo mweusi, acha vidonge na uende hospitali siku hiyo hiyo. Chukua kichupa chako uende nacho.

Mama yule nilimpeleka hospitali. Alipimwa virusi vya homa ya ini, havikuonekana. Akaambiwa aache vidonge, na baada ya majuma kadhaa macho yakarudi kuwa meupe. Wengine hawakubahatika hivyo. Wapo duniani waliohitaji kuwekewa ini jingine.

Tumbo alilonalo ni lile lile lililozaa watoto wanne. Siku hizi tunatembea pamoja jioni, na mumewe anajua kila kitu. Dada, wewe nawe, kabla hujameza chochote kwa siri, mwulize nesi aliye karibu nawe. Hatutakucheka.