"Ndege Isiyoonekana" au "Ndege Kwepa-Rada"?

Katika mazungumzo ya Temeke na Kinondoni, ndege za kivita za aina ya F-117 na F-22 huitwa "ndege zisizoonekana". Istilahi hii haifai, kwani yapotosha maana. Kwa macho ndege hizo huonekana kama ndege nyingine zote.

Rada haihitaji kufafanuliwa kwa wakazi wa Dar es Salaam; mjadala wa rada ya pauni milioni 28 iliyonunuliwa Uingereza ulilifikisha neno hilo kila mtaa. Chombo hicho hurusha mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake. Mwaka 1962 mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev, alichapisha hesabu zinazoonyesha jinsi kingo za umbo zinavyotawanya mawimbi. Wamarekani walizitumia kusanifu F-117, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981. Bapa zake huelekeza mwangwi kando, na rangi yake hufyonza sehemu ya mawimbi. Basi mwangwi hupungua, lakini hauishi. Tarehe 27 Machi 1999, F-117 moja iliangushwa huko Serbia kwa kombora lililoongozwa kwa rada.

Yupo atakayependelea "ndege nyemelezi". Neno lenyewe ni zuri, ila tiba imekwisha kulichukua katika "magonjwa nyemelezi"; tena kunyemelea ni mwendo wa anayeshambulia, si sifa ya umbo. "Ndege kwepa-rada" hutaja kazi yenyewe pasipo kudai kwamba hainaswi kamwe, nayo huzaa "umbo kwepa-rada" na "rangi kwepa-rada" bila taabu.