Nyankunde na wageni waliokubali kupokea

Ukitoka Bunia, katika jimbo la Ituri huko Kongo, kuelekea kusini-magharibi, kiasi cha kilomita 45, unafika Nyankunde, katika uchifu wa Andisoma, nchi ya Wabira. Ni kijiji kilichokua kwa sababu ya hospitali. Katikati ya miaka ya 1960 misheni tano za Kiprotestanti ziliunganisha nguvu zikaanzisha hapo kituo cha afya, na tangu wakati huo madaktari, wauguzi, waashi, walimu na marubani wa ndege ndogo kutoka Ulaya na Marekani wamekuja kukaa. Wapo waliokaa mwezi, wapo waliokaa miaka ishirini. Si vijiji vingi vya Afrika Mashariki na Kati vilivyopata nafasi kama hiyo ya kuwaangalia watu wa kujitolea kwa karibu: jinsi wanavyosalimia, wanavyokula, wanavyokasirika, na wanavyoondoka.

Kwa kawaida habari za watu hawa husimuliwa na wao wenyewe. Tunasoma walivyozoea maji ya kuchota, giza la usiku, malaria na barabara ya matope. Lakini kuzoea kitanda na chakula ni jambo la mwili, nalo huisha kwa majuma machache. Linalochukua miaka ni kupata mahali katika hesabu za majirani, na hilo, naamini, halitokani na wingi wa msaada ambao mgeni ameleta.

Wanaofika Ituri hufika wakiwa na haja ya kutoa, na historia iliwapa sababu. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na hata daktari mmoja Mkongo mwenye shahada ya udaktari. Wabelgiji wengi waliondoka ndani ya majuma machache. Umoja wa Mataifa ukaleta madaktari wa nchi mbalimbali, na walimu kutoka Haiti wakaja kushika madarasa yaliyobaki matupu. Miaka hiyohiyo kujitolea ng'ambo kulianza kupangwa kama kazi: shirika la VSO la Uingereza lilianza mwaka 1958, Peace Corps ya Marekani mwaka 1961, na Tanganyika ikawa kati ya nchi za kwanza kuipokea. Kongo yenyewe, ikiwa Zaire, ilikuwa na watu wa Peace Corps kuanzia 1970 hadi 1991, machafuko yalipowaondoa. Maelfu ya vijana waliambiwa kwamba wanakwenda kusaidia. Ni wachache walioambiwa kwamba watasaidiwa.

Hapo ndipo habari za Helen Roseveare zinapofaa. Alikuwa Mwingereza aliyesomea udaktari Cambridge, akafika kaskazini-mashariki ya Kongo mwaka 1953, kwanza Ibambi, kisha Nebobongo, katika msitu ulio mbali kaskazini-magharibi ya Bunia. Watu walimwita Mama Luka, kwa jina la yule tabibu wa Injili. Nebobongo ilikuwa kambi ya zamani ya wagonjwa wa ukoma. Alitaka kujenga hospitali na kufundisha wauguzi, na kwa kuwa fedha hazikutosha, ilimbidi afyatue na kuchoma matofali pamoja na watu wa kijiji. Kazi hiyo ilimuudhi. Alikuwa amekuja kuwa daktari, na sasa mikono aliyoitunza kwa ajili ya upasuaji ilichubuka kwenye tanuri hadi ikatoka damu.

Siku moja alilalamika, na jibu la wafanyakazi wenzake alilikumbuka maisha yake yote. Walimwambia kwamba akiwa hospitalini, katika mavazi yake ya kidaktari, walimwogopa. Lakini pale kwenye tanuri, mikono yake ikitoka damu kama yao, na sokoni alipokosea lugha yao wakamcheka, ndipo walipompenda na kuyaamini maneno yake.

Nikifikiria jibu hilo naona kwamba kwenye matofali yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Kila mwanamke aliyepita na mzigo kichwani alijua kazi ile kumshinda daktari. Kwa mara ya kwanza kijiji kilikuwa na kitu cha kumpa, naye alikuwa na haja nacho.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Baada ya miaka kadhaa Mama Luka alichoka, akawa mkali kwa wagonjwa na kwa wauguzi wake. Mchungaji wa eneo hilo, mzee aliyejulikana kwa jina la Ndugu, aliliona hilo, akampeleka kijijini kwake apumzike. Jioni moja kando ya moto alimweleza wazi kwamba wanamwona yeye mno, kiasi cha kutomwona yule anayemhubiri. Akachora mstari ardhini kwa kisigino, akamweleza kwamba mstari ule ni ile nafsi yake inayotaka kusimama mbele ya kila kitu. Daktari wa Cambridge akakaa pale akasikiliza. Ni wataalamu wangapi wa ng'ambo leo wanaoweza kuambiwa hivyo na mzee wa kijiji, nao wasiandike barua ya kuhamishwa?

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliiteka sehemu hiyo. Roseveare alishikwa, akapigwa na kubakwa, mambo ambayo baadaye aliyaandika mwenyewe bila kuficha. Aliokolewa, akarudi kwao, na mwaka 1966 akaja tena. Safari hii alifika Nyankunde, alikokuwa daktari Mmarekani Carl Becker, mzee aliyeanza kutibu watu Kongo tangu 1929 na kuijenga hospitali ya Oicha. Mama Luka alipewa kazi ya kuanzisha shule ya wauguzi. Majengo hayakuwepo, kwa hiyo wanafunzi wa kwanza walijenga mabweni yao kwa udongo na nyasi kabla ya kufungua daftari. Aliondoka mwaka 1973, na kuondoka huko hakukuwa na shangwe, maana kulikuwa na mgogoro kati yake na wanafunzi wa shule ileile. Nalitaja hilo kwa sababu wengi hudhani kwamba ukishakaa miaka ishirini mahali, umeshamaliza kuwa mgeni. Jirani anayeweza kukukasirikia waziwazi amekuhesabu kuwa mtu wa kwao, hata kama inauma.

Mtu anayekwenda leo kukaa kijiji katika maeneo ya Irumu au Djugu, huko Ituri, pale usalama unaporuhusu, hukuta mafunzo yamepangwa na wenyeji wenyewe. Kwanza ni barza, kile kibanda kisicho na kuta ambamo wanaume huketi asubuhi na jioni. Huko ndiko habari hupita, na huko mgeni hupelekwa kwa chifu kabla hajafungua mzigo. Akipewa kiti, akae. Asitoe ratiba. Wanawake nao wana mahali pao, kwenye chemichemi na jikoni, na mgeni wa kike asiyewahi kuketi kwenye kigoda akichambua sombe, yaani majani ya muhogo, atakaa mwaka mzima bila kujua nani ni dada wa nani.

Kisha kuna sahani. Bugali wa muhogo, sombe, maharage, labda samaki wa Ziwa Albert. Siku ya mgeni kuku huchinjwa, na kuku huyo mara nyingi ndiye pekee wa nyumba. Wengi wa watu wa kujitolea huona haya kumla, wakakataa kwa huruma au wakatoa fedha papo hapo. Huruma hiyo huumiza. Mama aliyemchinja kuku wake hakuwa anauza, alikuwa anaonyesha kwamba naye ni mwenye nyumba. Afadhali ule ushibe, ushukuru, na siku nyingine umkaribishe kwako.

Matanga ndiyo shule kubwa kuliko zote. Akifa mtu, kazi husimama. Watu hulala nje kwenye ua wa wafiwa, wanakesha, wanaimba, wanachangia kuni na unga. Mradi wenye tarehe za mwisho huona siku hizo ni hasara. Lakini mgeni aliyekesha kwenye matanga ya jirani haulizwi tena amekuja kufanya nini. Salongo vilevile, ile kazi ya pamoja ya kusafisha barabara na mitaro iliyoenea tangu enzi za Rais Mobutu: akitokea na jembe, asimame upande anaoonyeshwa.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye kutoa jembe katika methali hiyo ni mwenyeji. Mtu wa kujitolea wa siku hizi huja na jembe lake, na shamba amekwisha kulichagua akiwa kwao.

Matokeo ya kuja hivyo tuliyaona katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa, wengi wao Kivu Kaskazini, wengine Ituri, Mambasa na Mandima zikiwemo. Vikosi vya wataalamu viliingia kwa magari, vikiwa na ujuzi wa kweli na chanjo ya kweli, katika nchi iliyochoka na vita. Sehemu nyingi vilipigwa mawe. Daktari Richard Mouzoko wa Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi Butembo mwezi Aprili 2019. Sisemi kwamba kukesha matangani kungezuia risasi. Nasema kwamba watu waliosikilizwa zaidi walikuwa wale wa mtaani, waliozika na kulia pamoja na majirani zao kabla ya Ebola kuja.

Nyankunde ilikuwa imepata pigo lake miaka mingi kabla, tarehe 5 Septemba 2002. Wanamgambo waliivamia, wakaua watu kwa siku kadhaa, wagonjwa vitandani wakiwemo. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 1,000. Waliopona, wafanyakazi wa hospitali pamoja na wagonjwa walioweza kutembea, walikwenda kwa miguu hadi Oicha, safari ya siku nyingi msituni. Kazi iliendelea huko na Beni, na baadaye hospitali ya Nyankunde ikafufuliwa. Wageni wengi walikuwa wamekwisha kuondoka au kuondolewa kwa ndege. Waliobeba dawa na wagonjwa kichwani na mgongoni walikuwa Wakongo, wengi wao wakiwa wamefundishwa palepale.

Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na wageni wengi wa mashirika huishi Bunia nyuma ya kuta, na saa za kurudi nyumbani zimepangwa. Siwalaumu. Lakini nje ya kuta hizo, familia za Bunia zenye vyumba viwili zinapokea ndugu, marafiki na hata wasiowajua waliokimbia Djugu na Irumu, na kugawana nao godoro na sufuria. Mashirika yanayotuma watu wa kujitolea yangefanya vyema kuzilipa familia hizo ziwapokee wageni wao kwa miezi mitatu ya kwanza, kazi yao ikiwa Kiswahili tu na shughuli za nyumba. Mradi uandikwe baadaye, barzani, na mwenye kuchagua shamba awe mwenyeji.