GPS ya Mkononi Katika Ghuba ya Speke

Kati ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, ni Busega peke yake inayogusa Ziwa Victoria. Mtu wa Bariadi akitaka kuyaona maji hayo anashika barabara ya Lamadi, kilomita kama 70, na huko anakutana na Ghuba ya Speke, mkono mrefu wa ziwa unaoingia mashariki hadi pwani za Busega na Bunda. Mchana wa anga safi mvuvi mzoefu hapotei humo, kwa kuwa vilima vya nchi kavu vinamwelekeza. Tatizo ni usiku. Na dagaa huvuliwa usiku, tena ule wa giza, kwa sababu mbalamwezi huzishinda nguvu taa za kuwavutia.

Usiku ndipo ziwa nalo linapochafuka. Nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukaanza kuvuma kutoka ufukweni kuelekea ziwani. Pepo za pande mbalimbali zikikutana katikati, hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Mvua ikianguka, taa za mwaloni hazionekani tena, na mtumbwi unasukumwa bila waliomo kujua unakwenda wapi. Hapo ndipo GPS ya mkononi inapolipa gharama yake, mradi mwenyewe anajua inasema nini na nini haisemi.

Chombo chenyewe hakitumi chochote, kinasikiliza tu. Satelaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Chombo hupima ishara imechukua muda gani kufika, kikapata umbali, na kikizisikia satelaiti nne kinajua kilipo. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiipunguza makusudi usahihi ishara inayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Siku hizi, ziwani ambako hakuna mti wala ghorofa ya kuziba anga, kosa ni mita chache. Simu janja nayo hufanya kazi hiyo bila bando wala mnara, ilimradi ramani ilipakuliwa kabla ya kutoka nyumbani. Wengi hawalijui hilo, wakiona mtandao umekatika wanaizima.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla injini haijawashwa: simama mwaloni, hifadhi alama ya mahali hapo, ipe jina. Usiku ukiichagua alama hiyo, chombo kitakuonyesha uelekeo na umbali. Lakini mstari kinaouchora umenyooka tu. Hakijui kuna mwamba, nyavu za watu, magugu maji au ncha ya kisiwa katikati. Kwa hiyo mimi huwashauri watu warudi kwa njia waliyojia, ile ambayo chombo kimeirekodi chenyewe wakati wa kwenda. Ni ndefu zaidi, lakini angalau mtumbwi wako umeshapita hapo. Jambo jingine linalowachanganya wanaoanza ni mshale. Vyombo vingi vya bei nafuu hujua unakoelekea kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa, hivyo mtumbwi ukisimama mshale huzungukazunguka ovyo. Sogea kwanza, ndipo uuamini. Dira ya kawaida iwe karibu.

Ramani ni habari nyingine. Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, kwenye ufuko wa ghuba hii hii, Machi 1875 kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, akalizunguka ziwa na kurejea Mei. Mchoro wake ulionyesha kwamba hili ni ziwa moja, ila nahodha hawezi kuutumia kukwepa mwamba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza alifanya upimaji wa kweli, enzi ambazo kina kilipimwa kwa bildi, ile kamba yenye risasi nzito mwishoni. Bildi hupima pale ilipotua tu. Mita ishirini kando yake panaweza kuwa na jiwe ambalo halikuguswa.

Halafu ziwa lenyewe halikai kimo kimoja. Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka sana, na Mei 2020 likafika juu kuliko rekodi zote za nyuma, tofauti ya zaidi ya mita mbili na nusu katika miaka 14. Jiwe lililokaliwa na ndege mwaka 2006 lilikuwa chini ya maji mwaka 2020, pengine kwenye kina kile kile cha propela.

Ramani za nchi kavu za 1:50,000 zina mtego wake. Nyingi zilichorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS84. Namba ile ile ikisomwa katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300. Anayehamisha alama kutoka karatasini lazima abadilishe mpangilio wa chombo kwanza, la sivyo atauweka mwalo porini.

Ndiyo maana naona ramani bora ya Ghuba ya Speke ni ile ambayo wavuvi wa Busega wangeijenga wenyewe. Kila mwamba uliogongwa na kila mlango salama wa mwalo uandikwe namba zake, tarehe, na kimo cha maji siku hiyo, katika daftari moja la kikundi cha usimamizi wa mwalo. Namba isiyo na tarehe haina thamani kubwa.

Daftari hilo liwe na mtindo mmoja wa kuandika namba. Nyuzi 2.30 kusini si sawa na nyuzi 2 na dakika 30. Ya kwanza ni nyuzi 2 na dakika 18. Kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Anayepiga simu kuomba msaada akiichanganya mitindo hiyo anaipeleka boti ya uokoaji kilomita 22 mbali naye. Chagua mtindo mmoja, uweke kwenye chombo, umwandikie anayebaki nchi kavu pamoja na saa unayotarajia kurudi. Betri za akiba zifungwe kwenye mfuko wa plastiki, mbali na ndoo ya kuchotea maji.