Kidonda cha Mgongo Hakitaki Asali, Kinataka Mtu wa Zamu ya Usiku

"Sista, nimpake asali ya nyuki wadogo au ya nyuki wakubwa?" Nimeulizwa hivyo Mtendeni, nimeulizwa Kanyenye, nimeulizwa Ng'ambo. Juzi nimeulizwa tena na mama aliyeshika chupa ya soda iliyojaa asali, akienda kumwona baba yake kwenye makazi ya wazee. Mzee ana kidonda juu kidogo ya makalio. Mlezi kamwambia ni uzee, jirani kamwambia ni asali. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi leo nawajibu wote: si ya wadogo, si ya wakubwa.

Najua nasema na watu wa Tabora. Asali ya miombo ya Sikonge na Urambo ni fahari yetu, na Wanyamwezi walijua biashara ya asali na nta tangu enzi za misafara ya Ujiji na Bagamoyo. Wala sisemi haina nguvu. Sukari yake huvinyonya maji vijidudu mpaka vikafa, na ndani yake hutengenezwa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Tathmini ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015, iliyopitia majaribio mengi, ilikuta inasaidia baadhi ya majeraha ya moto na vidonda vya upasuaji vilivyoingia usaha. Kwa vidonda vya mgandamizo, yaani hivi vya kulalia, haikupata ushahidi wa kutegemewa. Tena asali inayotengenezwa kwa ajili ya vidonda hospitalini hupigwa mionzi kwanza kuua mbegu za bakteria. Haitoki kwenye chupa ya soda. Na hiyo ya nyuki wadogo mnayoinunua kwa bei kubwa ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa, ndiyo maana huchacha upesi.

Haya, tuseme umepata asali safi kuliko zote. Itafanya nini? Kidonda hiki hakikuletwa na kijidudu. Mzee amelala chali saa nyingi, mfupa unabonyea chini, godoro linasukuma juu, na nyama iliyobanwa katikati inakosa damu kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ndani ya saa chache inaanza kufa. Mara nyingi ile iliyo jirani na mfupa hutangulia, ngozi ya juu ikafuata baadaye. Kwa hiyo unachokiona nje ni sehemu ndogo ya uharibifu. Nilifungua kidonda cha mzee mmoja, mfanyakazi wa reli wa zamani, katika nyumba ambayo siitaji. Mdomo wa kidonda haukuzidi sarafu ya shilingi mia mbili. Kijiti cha pamba kilipoingia kwa upande kilipita chini ya ngozi iliyoonekana nzima, kikagonga mfupa. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye shuka, wameifuata asali. Na mzee alikuwa bado amelalia kidonda chenyewe.

Wengine hupasua vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili na kumwaga unga wake kidondani. Acheni. Unga unakauka, unakuwa gamba, usaha unabaki chini yake, na vijidudu vinazoea dawa ambayo mzee ataihitaji siku akipata nimonia. Spiriti nayo inaua nyama changa inayojaribu kuota. Kusugua sehemu iliyokwisha kuumia kunaichana zaidi kwa ndani.

Lile neno la mlezi, kwamba ni uzee tu, ndilo linaloniudhi kuliko asali. Lina historia ndefu. Katika karne ya 19, pale hospitali ya Salpêtrière, Paris, palipotunzwa maelfu ya wanawake wazee, daktari mkubwa Charcot alifundisha kwamba vidonda hivi vinatokana na mishipa ya fahamu na ni ishara ya kifo. Mwenzake Brown-Séquard alikuwa amekwisha kuonyesha kwa simbilisi waliokatwa uti wa mgongo kwamba wasipobanwa na wakiwekwa safi na wakavu, vidonda havitokei. Florence Nightingale naye aliandika mwaka 1859 kwamba kidonda cha kitandani kwa kawaida ni kosa la uuguzi, si la ugonjwa. Wapo wagonjwa wachache walio mahututi ambao watapata kidonda hata wakitunzwa vizuri sana. Lakini nyumba yenye wazee wanne wenye vidonda haina wazee wanne wenye bahati mbaya.

Fanyeni hesabu. Mlezi mmoja yuko zamu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wazee sita hawawezi kujigeuza. Wakigeuzwa kila saa mbili, mmoja mmoja, hiyo ni mara thelathini. Kumgeuza, kumfuta na kumbadilisha pampasi au kanga iliyolowa kwa dakika kumi ni saa tano za kunyanyua watu wazima bila msaidizi, na bado hajamnywesha mtu maji. Hawezi. Simlaumu yeye; namlaumu aliyepanga zamu hiyo akaiita huduma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka makazi yawe kimbilio la mwisho. Maana yake anayefika huko, iwe Ipuli kwetu au kwingine nchini, mara nyingi hana ndugu wa kuuliza usiku umepitaje. Basi wewe uliye na ndugu humo, waulizie na hao wasio na mtu.

La kufanya sasa. Omba kuona karatasi ya kumgeuza mzee, yenye saa na sahihi. Kama haipo, hageuzwi. Nenda Jumapili jioni, usisubiri siku ya wageni. Angalia visigino, nyonga na juu ya makalio. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono, utafute joto, ugumu, au sehemu iliyo laini kuliko jirani yake. Mlaze kiubavu nusu, mto nyuma ya mgongo, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Usimpe mto wa duara wenye tundu, unabana damu pembeni. Makintoshi lisigusane na ngozi. Mpe mayai, maziwa, maharage, dagaa, uji wa karanga. Maji anywe hata jioni. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kifunikwe kibaki na unyevu. Kikiwa cheusi, kikinuka, mfupa ukionekana, au mzee akiwa na homa au akianza kuweweseka, mpeleke hospitali ya Kitete siku hiyohiyo, dirisha la wazee, na kitambulisho chake cha matibabu. Nyama iliyokufa inaondolewa na mtaalamu, nanyi mtaje tangu lini hajageuzwa, bila kumficha mtu.