Dadu haina kumbukumbu: kwa nini sita "iliyokawia" haidaiwi

Yeyote aliyewahi kucheza ludo, iwe Kigwena, mjini Rumonge au kwingineko katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, anaijua kauli hii: "Sita imekawia, sasa lazima itoke." Mchezo ukiwa wa kujifurahisha, kauli hiyo haina madhara. Fedha zikiwekwa, humfanya mtu aongeze dau hadi mfuko ukauke.

Je, sita inaweza kukawia?

Wanahisabati hutofautisha aina mbili za uwezekano. Wa kwanza ni wa kinadharia, unaopatikana kwa kufikiri kabla dadu haijarushwa. Dadu ina nyuso sita. Ikiwa zote zinalingana, kila uso una nafasi 1 kati ya 6, yaani takriban asilimia 17. Wa pili ni wa kimajaribio: unarusha dadu, unaandika matokeo, kisha unagawanya idadi ya sita ulizopata kwa idadi ya mirusho yote.

Majibu hayo mawili hulingana kwa nadra. Ukirusha mara 60, nadharia hutarajia sita 10, lakini kupata 5 au 15, yaani asilimia 8 au 25, si ajabu. Ukirusha mara 600, nadharia hutarajia 100, na kwa kawaida utapata kati ya 82 na 118, sawa na asilimia 14 hadi 20. Kadiri mirusho inavyoongezeka, ndivyo majaribio yanavyoikaribia nadharia. Kanuni hii ilithibitishwa na Jacob Bernoulli wa Uswisi katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kanuni hiyo haisemi kwamba dadu hulipa deni. Katika kila watu 100 wanaorusha dadu mara kumi, takriban 16 hawatapata sita hata moja. Kwa kila mmoja wao, nafasi katika mrusho wa kumi na moja ni ileile: 1 kati ya 6. Upungufu wa mwanzo haufidiwi; humezwa na wingi wa mirusho inayofuata, kama ndoo ya maji ya tope inavyopotea ziwani.

Majaribio yanapoipinga nadharia

Mwaka 1894, mwanasayansi wa Uingereza Raphael Weldon alikusanya matokeo ya dadu 12 zilizorushwa mara 26,306. Alihesabu nyuso za tano na sita, ambazo kwa nadharia zingetokea mara 105,224. Zilitokea mara 106,602. Kwa mirusho mingi kiasi hicho, bahati peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba vitobo vya alama huupunguzia uso uzito: uso wa sita una vitobo vingi na ulio mkabala wake una kimoja tu, hivyo ule mwepesi huelekea juu.

Kwa hiyo, ukiitilia shaka dadu, irushe mara 600 na kuandika kila tokeo. Sita zikifika 140, ichunguze dadu hiyo kabla ya kumsifu mshindi. Zikiwa 95, dadu haina hatia. Na ukiikosa sita mara kumi mfululizo, usiongeze dau: dadu haijui kwamba umekuwa ukingoja.