Nanoteknolojia na Shamba la Mkulima wa Mandewa

Kila zana mpya ya uzalishaji inapoingia, hujitokeza wanaoikataa kwa kuwa hawaijui, na wanaoishangilia kwa sababu hiyo hiyo. Kada hapaswi kuwa katika kundi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo tunataka kueleza nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza chembe ndogo kupita kiasi, na kuipima kwa mahitaji ya mkulima wa Mandewa, Singida, anayelima alizeti, mtama na uwele kwa mvua za msimu mmoja tu.

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele una unene wa nanomita 80,000 hivi. Lakini jambo la msingi ni uso wa kitu. Chukua mchemraba wenye sentimita moja kila upande. Uso wake ni sentimita 6 za mraba. Ukikatwa vipande vya nanomita moja moja, nyuso zote pamoja zinafika mita 6,000 za mraba, karibu uwanja mzima wa mpira. Uzito haukuongezeka, ila kitu kimepata tabia mpya, maana sasa kinagusana na maji na mizizi mahali pengi mno.

Faida yake shambani inaeleweka. Urea ikitiwa katika udongo wa kichanga, naitrojeni nyingi hupotea hewani, au huzama na maji ya mvua mahali mizizi isipofika. Wataalamu wanatafuta namna ya kuifunga mbolea ndani ya chembe za udongo wa mfinyanzi, au kuivika ganda jembamba, itoke pole pole kadiri mmea unavyokua. Hiyo ni kazi ya maana, na hatuna sababu ya kuibeza.

Hata hivyo, tutazame yaliyotokea India. Mwaka 2021 shirika kubwa la ushirika la IFFCO lilitoa urea ya maji ya nano na kudai kwamba chupa ya mililita 500 inatosha badala ya mfuko wa kilo 45. Tupige hesabu. Chupa ya asilimia 4 ina gramu 20 za naitrojeni. Mfuko wa asilimia 46 una kilo 20 na ushei. Hata kama mfuko ungepoteza zaidi ya nusu, chupa haiwezi kuufikia, wala mmea hauwezi kujenga mbegu kwa naitrojeni usiyoipata. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab kilipoijaribu, mavuno ya ngano na mpunga yalishuka. Tunasisitiza: mwenye chupa hapa hakuwa bepari, alikuwa ushirika. Umilikaji wa umma haufuti haja ya kupima.

Somo la pili liko nyumbani. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza mwaka 1972 kikitegemea malighafi zilizoletwa kwa meli, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimefungwa. Mitambo ilikuwa yetu, uhai wake ulikuwa ng'ambo. Chupa ya nano inayonunuliwa nje pamoja na siri yake itaturudisha pale pale. Lakini fosfeti ya Minjingu ni yetu. Na ujuzi tunaweza kuujenga: Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji lenye nano lililopata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Chujio si mbolea, ila linaonyesha kwamba ufundi huu haukai Ulaya peke yake.

Mandewa, basi, samadi inatangulia, kwa sababu udongo wa kichanga usio na mboji hushindwa kushika maji, na hakuna chupa inayoziba pengo hilo. Akija muuzaji, kada aulize kuna gramu ngapi za naitrojeni ndani na nani ameipima nchini. Kisha shamba moja ligawanywe vipande vitatu vilivyo sawa: samadi peke yake, samadi na urea, samadi na chupa. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja. Alizeti ya kila kipande ipimwe kwa mizani, gharama iandikwe kando yake, na daftari lisomwe mbele ya wakulima wote kabla mtu yeyote hajatoa fedha ya chupa ya pili.