Bima ya Kijana Mshika Kitara

Mchezo wa vitara, ambao vijana hushindana kwa panga butu, huvaliwa vazi linalositiri mwili mzima. Ndiyo sababu wazazi wa Ibtihaj Muhammad, Waislamu wa Marekani, waliuridhia. Mwaka 2016, huko Rio, binti yao alitwaa medali ya shaba pamoja na timu ya taifa lake, naye amevaa hijabu.

Hata hivyo, sitara si kinga. Mwaka 1982, mjini Roma, upanga uliovunjika ulipenya kinyago cha bingwa wa Kisovieti, Vladimir Smirnov, akafariki. Baada ya msiba huo vifaa viliimarishwa. Lakini mguu huteguka bado.

Huko Marekani, klabu za vijana huhitaji bima za namna mbili. Ya kwanza huilinda klabu inaposhitakiwa. Ya pili ni ya ajali, nayo husaidia gharama za matibabu. Ila mara nyingi hungoja bima ya familia ilipe kwanza, tena humhusu aliyesajiliwa tu, katika shughuli zilizoidhinishwa.

Basi enyi wazazi, mlio na watoto au wajukuu huko, nasi tunaowapeleka wetu kwenye karate na kandanda hapa pwani, tuulize kabla ya kutia saini: Bima hii yamlinda nani? Mwanetu amesajiliwa? Akiumia, nani atalipa mwanzo? Na majibu tuyapate kwa maandishi. Kutawakali hakumwondolei mzazi wajibu wa kuuliza.